Aliyetolewa kwenye Grupu

Krii. Kimya. Krii tena, fupi, kama mtu aliyejikwaa akajizuia.

Evalina alifumbua macho gizani akajua papo hapo kuwa ni komeo la chumba cha tatu. Nyumba yao ya Somanda ilikuwa na vyumba vinne vya wapangaji, vyote vikitazama ua, na kila mlango ulikuwa na tabia yake. Wa kwanza ulikwama. Wa pili ulipigapiga kwa upepo. Wa nne vijana waliupaka mafuta ya kula, wakichelewa kurudi waingie bila kusikika. Wa tatu ndio uliolia. Milembe, mwanafunzi aliyepanga humo, hakuwahi kuupaka mafuta, maana hakuwahi kuwa na la kuficha.

Alisikia kandambili zikivuka ua, kisha geti la bati likivutwa polepole. Pembeni yake Kabula, binti yake wa miaka minne, aligeuka akamwekea mguu tumboni. Majogoo wa jirani walikuwa hawajaanza kelele zao.

Leo ni Alhamisi, aliwaza Evalina. Milembe huondoka Ijumaa.

Kwa muda sasa, Ijumaa ikifika, msichana yule alibeba begi lake na kusema, "Nakwenda kusalimia nyumbani, Mama Kabula," halafu akarudi Jumapili jioni na vumbi la Meatu kwenye nywele. Evalina hakumuuliza zaidi. Kusema kweli, tangu Jumapili ile ya grupu hakuwa na uso wa kumuuliza kitu.

Mambo ya grupu yaliletwa na Sista Philomena, na Sista Philomena aliletwa Bariadi na shirika lake kwa kazi moja tu: wanafunzi wa vyuo. Siku paroko alipomtangaza kanisani kuwa mmisionari wao mpya amefika, mabibi wa benchi la mbele waligeuka kutazama mlangoni, wakimtafuta mzungu. Aliyesimama alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, amevaa raba.

"Huyu?" bibi mmoja alinong'ona, kwa ule mnong'ono unaofika hadi altareni. "Katoka wapi?"

"Bukoba."

"Bukoba nako siku hizi wanatoa wamisionari?"

Lakini Sista alikuwa na miguu. Alitembea geto hadi geto, akakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, akanywa chai ya rangi kwenye vikombe vya plastiki, akauliza kila mtoto wa watu anatoka kigango gani na mama yake anaitwa nani. Ndivyo alivyofika kwa Evalina na kumwomba awe mama mlezi wa wanafunzi.

"Sista, mimi form four nimemaliza mwaka jana, tena ya jioni," Evalina alimwambia. "Hawa wanasomea udaktari."

"Form four ya jioni ni form four, mama. Jua likizama ubao haubadiliki."

Evalina alicheka, akakubali. Na form four yenyewe asingeipata bila Milembe. Mwaka wa mtihani, Milembe alikuwa akitoka chuo cha afya jioni na kuja kukaa naye jikoni. Biolojia ya moyo alimfundisha kwa kupasua moyo wa mbuzi juu ya sinia. "Hapa damu chafu inaingia, hapa safi inatoka, umeona Mama Kabula? Sasa kata vitunguu." Evalina alipata C, na moyo wakaula na ugali.

Basi, jumuiya ya wanafunzi ikaanza, kila Jumamosi saa kumi, uani kwa Evalina. Sista akafungua na grupu la WhatsApp, akamfanya Evalina kuwa admini. Grupu likajaa watu zaidi ya mia. Ukiandika "Jumamosi tusali pamoja," zilimiminika Amina na vile vikatuni vya mikono iliyokutanishwa. Jumamosi yenyewe walikuja watu sita. Wakati mwingine watano na mbuzi wa jirani.

Paroko akaanza kuuliza, kwa upole, wanachama hai ni wangapi. Sista akaumia. Akaweka kanuni: anayekosa Jumamosi tatu bila taarifa anatolewa kwenye grupu. Haikuwa kanuni ngeni. Hata watu wazima parokiani wanajua kwamba usiposali na jumuiya utakiona siku ya ubatizo wa mwanao, au siku ya maziko yako. Jumapili ile Evalina alikaa na simu, Sista pembeni, akawa anatoa mmoja mmoja kwa kidole gumba. Alipofika kwa Milembe alisimama.

"Huyu namjua, Sista. Anakwenda kwao."

"Ametoa taarifa?"

"Hapana, lakini…"

"Ukimwacha jirani yako, hao wengine watasemaje?"

Evalina akabonyeza. Jioni ile Milembe alirudi, akachota maji bombani, akamwamkia kama kawaida. Ila jikoni hakuja tena.

Kulipopambazuka, Evalina alikuwa anakoroga uji Josia alipotoka chumba cha nne na mswaki mdomoni. Josia alikuwa kijana wa Nyashimo, mji wa barabarani, mwenye maneno mengi kuliko vitabu. Asubuhi hiyo maneno yalikuwa machache.

"Mama Kabula, umesikia? Mama yake Milembe amefariki usiku."

Mwiko ulisimama. "Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Alikuja alfajiri kuazima power bank kwangu, simu yake haina chaji. Mama alikuwa mgonjwa tangu masika. Ndiko alikokuwa anakwenda, kumwogesha na kumfulia. Kule kwao Bukundi."

"Na wewe hukuja kuniamsha?"

Josia alitema povu, akatazama chini. "Alinikataza. Alisema, 'Usiwasumbue. Mimi si wa grupu.'"

Uji ulianza kushika chini. Kabula ndiye aliyesema kuna kitu kinanuka.

Evalina alimpigia Sista Philomena simu, naye akafika kwa bodaboda kabla jua halijawa kali. Evalina alimwambia yote, amesimama. Sista alisikiliza hadi mwisho, kofia ya bodaboda bado kichwani juu ya shela.

"Angeandika kwenye grupu," alisema.

"Angeandikaje, Sista? Tulimtoa."

Sista akavua kofia ile, akaketi kwenye ngazi ya chumba cha tatu. Kabula alikuja akasimama mbele yake, akamshika goti, kama anavyowafanyia watu wanaoumwa.

"Mazishi lini?"

"Kesho mchana."

"Tuma kwenye grupu."

"Tukituma, watatuma Amina," alisema Evalina.

Sista alimtazama, akaonekana anataka kucheka na anataka kulia, akachagua kusimama. "Basi twende kwa miguu."

Wakazunguka. Evalina na Kabula walichukua mageto ya upande wa hospitali, Sista akaenda chuoni kuwaombea ruhusa, Josia akapita bweni la wavulana. Evalina aligonga milango ya watu aliowatoa kwa kidole chake. Wengine walifungua wakiwa na taulo, wengine na vitabu. Hakuwa na hotuba. Alisema, "Mama yake Milembe amefariki. Tunakwenda Bukundi leo, tunalala huko. Utakuja?" Msichana mmoja alimjibu, "Mimi si mlinitoa?" Evalina akasema, "Ndiyo. Na Milembe pia." Msichana yule alifunga mlango. Evalina alikuwa ameshafika geti la jirani alipomsikia akikimbia nyuma yake, anajifunga kanga njiani.

Usafiri ulikuwa wa Mashimba. Mashimba, mume wa Evalina, aliendesha Fuso la kubeba pamba, na msimu huo alikuwa akilala nyumbani kwa kubahatisha. Mchana huo alikuwa anakwenda mtupu kuchukua mzigo wa AMCOS, vyama vya ushirika vya huko huko Meatu. Alipopita nyumbani kuchukua chakula chake aliona watu wamejaa getini, akazima injini.

"Mama Kabula, hawa ni wa nini?"

"Ni wa Bukundi."

"Wote?"

"Panda tu uendeshe, baba."

"Trafiki akinisimamisha nimwambie nini?"

"Mwambie umebeba pamba," Josia alidakia, tayari yuko juu.

"Pamba inayoongea hivi sijawahi kuiona," alisema Mashimba, lakini alishuka kufungua bodi la nyuma. Sista alipanda mbele pamoja na Evalina na Kabula. Wengine walikaa juu ya maturubai: Wakatoliki waliotolewa, Wakatoliki wasiotolewa, na wasichana wawili wa kanisa la AIC ambao Josia aliwahakikishia hawalazimiki kujua rozari, wajue tu kushika ndoo.

Barabara ya Mwanhuzi ilikuwa vumbi na mashimo. Njia nzima Evalina aliwasikia wakiimba, wakibishana, wakipiga kelele kila gari lilipodunda. Kulikuwa na binti mmoja, Joyness, mwanakwaya, aliyevaa raba nyeupe kabisa. Walipovuka Mwanhuzi zilikuwa rangi ya ugoro.

"Kwa nini hukuniambia wanajua kucheka hivi?" Sista aliuliza. "Kwangu hukaa kama wako wodini."

"Kwako hukaa wakijua unawahesabu, Sista."

Baadaye Sista alisema, kama anajisemea, "Nilifundishwa kuhesabu."

Waliufikia mji wa kina Milembe jua likielekea kuzama: nyumba mbili za bati, moja ya nyasi, zizi la ng'ombe, na watu wameshakusanyika. Fuso liliposimama, mwanamume mwembamba mwenye koti kubwa alikuja na fimbo yake. Alikuwa Luhende, baba mdogo wa Milembe, aliyekuwa mkubwa wa pale tangu kaka yake, baba wa Milembe, alipotangulia miaka ya nyuma.

"Mwadila," alisema. "Pamba yetu tulishauza."

"Mwadila, baba," alijibu Evalina. "Hatujafuata pamba. Sisi ni wa Milembe. Tumekuja msibani."

Luhende aliwatazama wakishuka, mmoja baada ya mwingine, wakijipangusa vumbi. "Milembe ana watu?" aliuliza. Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu aliyeambiwa vingine.

Waliposikia ni wanafunzi wa udaktari, wenyeji waliwaletea viti vya plastiki, vyote vilivyokuwepo, hata vile walivyokalia wazee. Na wanafunzi, kwa kuwa wamepewa, wakakaa. Safu mbili. Sista naye akashukuru, akatoa kitabu chake cha sala.

Evalina, aliyekulia kijiji kingine kama hiki, aliona wanawake wakipita na ndoo kichwani kutoka lambo la mbali, wakipunguza mwendo wanapofika kwenye viti, wakitazama. Msibani, rika la mfiwa ndilo linalochota, ndilo linalopasua kuni, ndilo linalochimba. Mgeni anayekaa kwenye kiti ni mgeni wa kulishwa. Wao walikuwa Fuso zima la wageni wa kulishwa.

Aliinama sikioni. "Sista, tumewaongezea midomo."

Sista aliinua macho, akawaona wale wanawake, akawaona vijana wake kwenye safu zao. Akafunga kitabu. "Ndoo ziko wapi?" aliuliza kwa sauti.

Aliondoka mbele yao wote, shela ameirudisha mgongoni, na aliporudi alikuwa na ndoo imejaa pomoni kichwani, mikono haiigusi. Bibi mmoja alisema neno kwa Kisukuma, wenzake wakacheka, kicheko cha kwanza tangu usiku.

"Anasemaje?" Sista aliuliza.

"Anasema hajawahi kuona masista wa namna hii."

"Mwambie na Bukoba maji hayaji yenyewe."

Josia yeye alirudi na nusu ndoo na suruali iliyolowa. Wakamtuma kwenye kuni.

Milembe alikuwa ndani na wamama. Alisikia sauti asizozitegemea, akatoka, kanga kichwani, macho yamevimba. Alisimama mlangoni akiwaangalia wanafunzi wenzake wakikimbizana na kazi uani kwao. Evalina alimwendea.

"Pole, mdogo wangu."

"Nani kawaambia?"

"Josia."

"Nilimkataza."

"Ndiyo maana kasema."

Milembe alikaribia kutabasamu, ikashindikana. Evalina alimshika mkono. "Aliyekutoa ni mimi. Sista aliweka kanuni, lakini kidole ni changu. Nilijua unakwenda kwenu, na sikukuuliza kuna nini. Nisamehe."

"Hata mimi sikusema," alisema Milembe. "Nilidhani nikisema 'mama anaumwa' mtaniambia niache chuo nikamuuguze. Kila mtu ndivyo alivyoniambia." Alijifuta kwa upindo wa kanga. "Na sasa naacha kweli, Mama Kabula. Sirudi."

"Umebakiza muhula mmoja."

"Nimebakiza na hawa."

Hawa walikuwa wadogo zake, Keneth na Flora, wamekaa chini ya upenu wa nyumba ya nyasi. Kabula alishafika kwao. Alikuwa akiwaonyesha kandambili zake, na Flora alikuwa amejaribu moja.

"Baba mdogo ana wanawe tisa," Milembe alisema. "Ameshasema nikae niwalee. Halafu nitaolewa hapa hapa jirani. Hajakosea. Nitawaacha na nani?"

Evalina aliubana ule mkono, kisha akauachia. Alikwenda kuchambua mchele.

Vijana walichimba kaburi na wenzao wa kijiji kabla jua halijapanda, wakipokezana jembe na sururu. Mazishi yaliongozwa na katekista wa kigango, padre akiwa mbali. Wanafunzi waliimba. Sista alisimama kutoa salamu, akawaamkia watu "Mwangaluka" ingawa ilikuwa mchana wa saa nane, na umati mzima ukaitikia kwa heshima kana kwamba kumekucha.

Baada ya maziko wazee walikaa kuzungumza. Luhende alisema mambo ya mji, ya ng'ombe, kisha ya watoto: Milembe atabaki. Alisema kwa upole, na hakuna aliyepinga, kwa sababu hapakuwa na wa kupinga. Milembe alikuwa amekaa kwenye mkeka, anatazama mikono yake.

Evalina alisikia moyo ukimpiga kooni, ule ule aliofundishwa vyumba vyake vinne. Aliomba ruhusa ya kusema. Alisema kwa Kisukuma, magoti chini. Kwamba Milembe amebakiza muhula mmoja. Kwamba chumba chake kinaingia godoro la pili. Kwamba shule ya msingi iko karibu, na siku Milembe akiwa zamu hospitalini watoto watakula kwake, na jumuiya itapokezana kuwaangalia.

Luhende alimsikiliza, akachokora ardhi kwa fimbo. "Jumuiya hiyo ndiyo ile iliyomtoa?"

Milembe akainamisha kichwa zaidi, kumbe alishamsimulia.

"Anasemaje?" Sista aliuliza kwa sauti ya chini. Evalina alimtafsiria, bila kulainisha.

Sista akasimama. "Ndiyo sisi, baba," alisema kwa Kiswahili. "Kanuni niliiweka mimi."

"Na bado ipo?"

"Haipo tangu jana asubuhi."

Luhende alitikisa kichwa taratibu. "Nashukuru mmekuja. Mmechimba, mmebeba maji, watoto wangu wameona. Lakini leo kuna maiti. Maiti inaita watu. Siku ya kawaida mko wangapi?"

Josia alifungua mdomo. Joyness akamkanyaga kwa ile raba.

Evalina angeweza kusema zaidi ya mia. Grupu lilikuwa mfukoni. "Sita," alisema. "Na mimi wa saba."

Wazee walicheka kidogo. Luhende pia. "Angalau wewe husemi uongo," alisema. "Rudini kwenu. Tumalize matanga. Nitaona."

Wakarudi na Mashimba, juu ya marobota ya pamba, bila Milembe. Walipofika Mwanhuzi Sista alimwomba Evalina simu, akaitazama, akamrudishia. "Warudishe wote," alisema. "Lakini tusitegemee humo."

Jumamosi iliyofuata, saa tisa, Sista alikuja na raba zake, wakapita milangoni mwa watu kabla ya sala. Hawakuuliza kwa nini hukuja. Waliuliza, "Nyumbani wazima?" Waligundua kijana mmoja hali mchana kwa sababu anamlipia mdogo wake sare. Waligundua msichana anayelia kila usiku kwa ajili ya mtihani wa marudio. Waligundua wengine wawili wazima kabisa, wavivu tu, wakawacheka wakawaacha. Sala siku hiyo ilichelewa kuanza. Watu walikuwa kumi na kidogo, na Evalina akaazima viti kwa jirani.

Chumba cha tatu kilikaa na kufuli lake. Mwanafunzi mpya alikuja na godoro kichwani kukiulizia.

"Kina mtu," alisema Evalina.

"Mbona dirisha lina utando?"

"Amekwenda kwao. Anarudi."

Alisema hivyo kwa uhakika ambao hakuwa nao. Mashimba alimuuliza jioni watakiweka kitupu hadi lini. "Hadi matanga yaishe," alimjibu. Alimtumia Milembe ujumbe. Ukabaki na tiki moja siku nyingi. Alikwenda na kichupa cha mafuta ya kula hadi kwenye komeo lile, kwa kuwa lilianza kuota kutu, akasimama, akarudi nacho jikoni. Milembe akirudi, alitaka kumsikia.

Jumamosi ya tatu upepo ulikuwa mwingi na vumbi liliingia hadi kwenye chai. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyebatizwa, hapakuwa na mgeni wa kutoka jimboni. Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Evalina alipanga viti alivyokuwa navyo, vya kwake na vya jirani, na Kabula akavipangusa kwa sketi yake mwenyewe. Wanafunzi waliingia kwa mafungu: Joyness na wenzake wa kwaya, yule msichana wa kanga, wale wawili wa AIC waliosema wamepita tu, Josia akitoka chumbani mwake hatua nne na bado amechelewa. Viti vikajaa. Evalina mwenyewe akakaa juu ya ndoo, Sista juu ya ndoo nyingine.

"Sista, kaa kwenye kiti, bwana," alisema Josia.

"Nimeizoea ndoo. Kaa wewe, mzee."

Joyness alianzisha wimbo, wakaimba, wakanyamaza kwa sala ya kimya. Evalina alifumba macho. Alikuwa anamwombea mtu mmoja, na alijua si vizuri kumwambia Mungu jina moja tu kila wiki.

Geti la bati lilivutwa. Alidhani ni mbuzi wa jirani.

Kisha, nyuma yake, kufuli likabofya.

Krii.

Evalina alifumbua macho. Milembe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha tatu, begi begani, anasukuma godoro lililokunjwa liingie ndani. Keneth alikuwa amekumbatia kuku. Flora alikuwa amevaa gauni la kanisani na hakuwa na viatu. Na katikati ya ua, na koti lake kubwa, fimbo mkono mmoja na mfuko wa michembe, viazi vilivyokaushwa, mkono wa pili, alisimama Luhende. Hakuwa amesema hodi. Alikuwa anawatazama waliokaa, kiti kwa kiti, midomo ikitembea polepole bila sauti, na alipofika mwisho wa safu alirudi mwanzo kana kwamba amekosea.

Hakuna aliyejua aanze kusalimia au amalize kwanza sala. Sista aliweka mkono mdomoni.

Kabula ndiye aliyeinuka. Alikwenda akamshika Flora mkono, akamvuta hadi kwenye duara, akatafuta pa kumkalisha. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akamtazama yule babu mwenye koti. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama," alisema, "viti havitoshi."